Upinde wa Baba Yake Kavinya

Matheka alikuwa ametengeneza pinde kwa miaka thelathini na minne, mingi ya hiyo ndani ya kibanda cha mabati karibu na nyumba za reli za Makongeni. Alikuja Nairobi akiwa mchongaji wa vinyago, akachoka kuchonga twiga, akarudia kazi aliyofundishwa na mjomba wake kule Mwingi. Wateja wake walikuwa watu wa klabu ya kulenga shabaha, walimu wa michezo wawili watatu, na wazee waliotaka tu upinde wa kutundika ukutani. Wote walijua Matheka ni mtu wa polepole. Walimvumilia kwa kuwa kazi yake ilikuwa safi.

Mwezi wa pili, Kavinya, karani anayeishi mtaa wa Pipeline, alimletea upinde wa mti wa mkole uliokuwa umeanza kwenda upande. Ulichongwa na baba yake, ambaye sasa ni marehemu, na Kavinya alitaka kushindana nao mwezi wa tatu. Matheka aliutazama kwa jicho moja, akamwambia aje Jumamosi.

Ijumaa aliushika juu ya mvuke wa sufuria ili mti ulegee. Kazi hiyo huhitaji subira, naye siku hiyo hakuwa nayo. Akauweka gotini mapema, akaukaza, ukakatika katikati. Matheka alikaa na vipande viwili mikononi hadi maji yakakauka sufuriani. Kisha akavifunga kwa gunia, akavisukuma nyuma ya mbao.

Jumamosi alimwambia Kavinya gundi haijakauka. Wiki iliyofuata alisema stima zilipotea, kibanda kikawa giza. Baadaye akasema anangojea uzi wa mishipa ya ng'ombe kutoka nyumbani, na baada ya hapo akaacha kupokea simu zake. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema ukweli, na kila asubuhi ulikuwa mzito kuliko jana.

Wiki ya saba Kavinya alifika kabla ya kwenda kazini. Mwalimu Ng'ang'a alikuwa pale akichagua mishale ya shule.

"Fundi, mashindano yameisha," Kavinya alisema bila kupandisha sauti. "Nilienda na upinde wa kuazima, nikawa wa mwisho. Kama kazi imekushinda, nipe upinde wangu niende nao."

Ng'ang'a aliinamia mishale kana kwamba hasikii. Mdomo wa Matheka ukatangulia akili. Alisema mke wake ni mgonjwa, hajatoka kitandani kwa wiki tatu.

Uso wa Kavinya ulibadilika papo hapo. Alimpa pole, akaomba radhi kwa maneno yake, akatoka ameinamisha kichwa. Ng'ang'a naye aliahidi kumwombea mgonjwa.

Jumapili baada ya ibada, Kavinya aliulizia nyumba ya Matheka kwa majirani, akafika na maziwa, machungwa na unga wa uji. Wayua, mke wa Matheka, alikuwa nje anakamua blanketi alizofua. Matheka alikuwa ndani, dirisha liko wazi, akasikia mgeni akijitambulisha na kuuliza mama aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje.

Akasikia blanketi ikiwekwa chini. Halafu akamsikia Wayua akisema, "Nimepata nafuu, mwanangu. Karibu chai."

Kavinya alikaa karibu saa nzima, akimsimulia Wayua habari za baba yake. Habari ya upinde hakuitaja hata mara moja. Matheka alikaa kwenye kiti cha pembeni, akitazama viatu vyake.

Mgeni alipoondoka, Wayua aliyaweka machungwa mezani mbele ya mumewe. "Nimepokea maziwa ya mgonjwa na mimi ni mzima," alisema. "Nimemdanganya mtoto wa watu akiwa ametoka kanisani. Usinifanyie hivyo tena, Matheka."

Alasiri hiyo hiyo Matheka alilitoa gunia kibandani, akaenda Pipeline, akapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Kavinya alimkaribisha kiti, yeye akakataa kukaa. Akiwa amesimama mlangoni alieleza kila kitu, kuanzia mvuke wa ile Ijumaa hadi ugonjwa ambao haukuwepo.

Kavinya alilifungua gunia sakafuni, akajaribu kuvikutanisha vipande. Vilikutana vizuri, akaviachanisha tena.

"Ungeniambia Jumamosi ile," alisema, "ningelia siku moja nikanyamaza. Umenifanya nikuombe msamaha, mzee."

Matheka alisema atamchongea mwingine. Kavinya alikataa, akisema upinde atajitafutia mwenyewe. Hata hivyo alimsindikiza hadi kwenye ngazi, kama mgeni yeyote, na heshima hiyo ilimuumiza Matheka kuliko matusi.

Jumatatu alimpigia Ng'ang'a simu na kumweleza ukweli. Kisha akawapigia wengine wote wenye kazi zilizochelewa, akawaambia ni nini kimefanyika na nini hakijaguswa. Watatu walikuja kuchukua pinde zao, mmoja bila salamu. Siku hizi mteja akiuliza itakuwa tayari lini, Matheka humwambia miezi miwili, na wengi huondoka.

Kavinya alipata upinde kwa fundi mwingine. Wakikutana uwanjani humsalimia Matheka kwa mkono, na Matheka huitikia, lakini bado hajaweza kumtazama usoni.