Kifungu cha Tisa cha Mkataba wa Dada

Kosa letu tulilifanya kabla hata mkataba haujafika: tulimwombea dada safari.

Dada yangu ni mwalimu. Alikuwa amepata nafasi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya watoto huko Thailand, na walipomwandikia kwamba wamemchukua, mama hakungoja karatasi. Pasta alikuwa na Jumapili moja tu iliyobaki wazi. Basi watu wa kanisa wakajaa kwetu, mtaa wa Rhonda, wakala chapati na ndengu, wakampa dada shuka, taulo na sutikesi ya zambarau, kisha wakaiwekea mikono ile sutikesi kana kwamba ndiyo inayosafiri. Jikoni dada alininong'oneza, "Na wakibadilisha mawazo?" Nikamwambia hawawezi.

Mkataba ulikuja Jumatano kwenye simu yake, kurasa sita za Kiingereza. Mama alitaka kujua kila kilichoandikwa, tena abaki nacho binti yake akienda. Akanipa daftari. Dada asome, atafsiri, mimi niandike.

Mimi niliishia darasa la nane. Kuandika naweza, lakini polepole. Kila neno nalitazama kwanza kabla ya kuliacha. Dada alikuwa anasoma sentensi moja, anangoja, anashusha pumzi.

"Wewe unaandika ama unachonga?"

Nikaendelea. Kifungu cha kwanza, kazi. Cha pili, masaa. Cha tano, nyumba atakayolala. Cha tisa alikisoma mbiombio: mwalimu atakabidhi pasipoti yake kwa shule, itunzwe hadi mkataba uishe. Niliandika "mwalimu atakabidhi", halafu nikapotea.

"Atakabidhi nini?"

"Pasipoti."

"Kwa nani?"

"Kwa shule. Si nimesema?" Lakini mara hiyo ya pili alisema taratibu, na mama, aliyekuwa anakata mboga, akaweka kisu chini.

Hakuna aliyehitaji kueleza. Mlango wa tatu kutoka kwetu kuna familia ambayo binti yao alienda ng'ambo kufanya kazi za nyumba, na mwajiri akaifungia pasipoti yake kabatini. Baba yake alipofariki, yule binti alitazama mazishi kwa simu. Mimi ndiye niliyeishika ile simu kaburini, mkono ukiniuma, nikiogopa kuushusha.

"Usitie sahihi," mama akasema.

"Mama, nimeshaombewa! Nitawaambia watu nini?"

"Utawaambia bado."

"Na sutikesi iko hapo, kila mtu anaiona."

Jioni hiyo dada aliwaandikia shule kuomba wazungumze. Kesho yake alienda kununua mboga, na jamaa wa kibanda akamwona akiwa mbali. "Ticha wa majuu! Kumbe huko pia mnakula sukuma ya Rhonda?" Watu wakacheka. Dada akacheka pia. Kuanzia siku hiyo mboga nilitumwa mimi.

Shule ilikubali kumpigia Jumamosi saa tatu asubuhi, ambayo kwao ni saa saba mchana. Ijumaa tukafanya mazoezi. Mimi nilijifanya yule mama wa shule atakayempigia, na kazi yangu ilikuwa kukataa.

"Wengine wote wametia sahihi," nikasema, kama alivyonifundisha.

"Ningependa pasipoti yangu ikae nami. Nyinyi nitawapa kopi."

"Sawa."

"Usiseme sawa! Nani atasema sawa haraka hivyo?"

Nikajaribu tena, nikasema sawa tena. Tukacheka hadi mama akatutoa nje. Lakini ugonjwa huo wa kukubali tunao wote wawili. Dada akiongea na mkubwa yeyote, kila kitu kwake ni "okei, madam".

Jumamosi alivaa blauzi ya kazi, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mimi nilikaa pembeni, nisionekane, daftari likiwa wazi mapajani. Yule mama wa shule alikuwa na sauti ya upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Alivipitia vifungu kimoja kimoja bila kusimama. Cha saba, okei, madam. Cha nane, okei, madam. Cha tisa, dada akasema okei, halafu mdomo ukabaki wazi. Yule mama alikuwa ameshaingia cha kumi.

Nilisukuma daftari mezani ili dada alione. Likagonga chupa, simu ikaanguka. Dada alipoiinua, kamera ilikuwa inanitazama mimi.

Yule mama akauliza huyu ni nani. Dada akasema, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikifuata, kwamba ni mdogo wake, ameandika mkataba wote kwa mkono, na nyumbani wamekwama kifungu cha tisa. Akaomba abaki na pasipoti yake. Yote kwa pumzi moja, bila madam.

Yule mama akasema wengine wote wametia sahihi.

Dada akanitupia jicho. "Najua," akamjibu. "Mimi bado."

Yule mama akasema atamuuliza mkuu wa shule, akakata.

Wiki nzima ikapita bila neno. Sutikesi ilikataa kuingia chini ya kitanda, tukaifunika kwa leso ya mama ya kujifunga. Pasta alipopiga kuuliza tarehe, mama alisema netiweki inasumbua. Mimi nilianza kuamini nimemharibia dada kazi. Yeye hakusema hivyo.

Jumatatu iliyofuata mkataba ukaja tena, urudishwe kabla ya saa sita mchana. Dada alikimbia kuuprinti, akarudi akipiga kelele kutoka mlangoni. "Wamebadilisha!"

Mama akatoa daftari. "Tuanze mwanzo."

"Mama, ni hicho kimoja tu!"

"Na hivyo vingine nani amevisoma leo?"

Tukaanza kifungu cha kwanza, kazi. Dada alisoma akiwa amesimama, akitazama saa. "Andika haraka basi." Kiganja kilikuwa na jasho, karatasi ikinata. Kalamu ilikuwa moja tu nyumbani, na ndiyo atakayotilia sahihi. Hakuninyang'anya. Tulipofika cha tisa nilimwomba arudie, akarudia: pasipoti itakaa na mwalimu, shule itapewa kopi. Nikaandika, nikatazama kila neno. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini, na vilikuwa vimebaki vifungu vitano.