Ukurasa Mmoja wa Bi Kuruthum

Zamani barua ilisomwa kwa sauti, na mwenye barua, msomaji na mpita njia wakalia au wakacheka pamoja. Siku hizi kila mtu ameinama juu ya simu yake, na habari ya msiba inaingia kimya kama tangazo la duka la viatu.

Mimi nilikuwa msomaji. Skuli niliiacha Unguja nikiwa darasa la sita, na Kiarabu nilichokuja nacho Oman kilikuwa cha sala tu. Kilichobaki nilijiokotea mwenyewe: kwa redio, kwa kamusi iliyochanika jalada, kwa kuwauliza watu mpaka wakanikimbia. Miaka ishirini na sita nilizunguka nyumba za Ibra nikisoma mita za umeme, na katika nyumba za watu wetu waliotoka Unguja na Pemba sikuondoka mlangoni na namba za mita peke yake. Mtu alinitolea bahasha. Ya baladia, yaani manispaa, ya mahakama, ya skuli ya mtoto. Nikasoma, nikafasiri, nikanywa kahawa, nikaenda nyumba ya pili. Leo hakuna anayenitolea kitu. Wajukuu zetu wanasoma Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili wanakisema kama wanatafuna mchanga.

Wa mwisho kunitolea bahasha alikuwa Kuruthum, mjane wa rafiki yangu Khalifa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Namwandika hapa kwa sababu nilimkosea, na kosa lenyewe sikupata kumwambia usoni.

Alizaliwa Wete. Alikhitimu msahafu ana miaka tisa, akasoma skuli mpaka darasa la nne, akaletwa huku ana miaka kumi na tano, akaozwa. Alilea watoto wanne, akamuuguza Khalifa miaka sita mpaka akamzika. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, lakini sauti yake ilikuwa kitu kingine. Ukitokea msiba mtaani, yeye ndiye aliyeitwa kusoma. Aliisoma kila herufi ya Kiarabu iliyokuwa mbele yake, kwa sauti ya kumliza mtu, na asijue imesema nini. Watu wetu wa makamo yake wengi wako hivyo, na wenyeji ukiwaambia wanadhani unawatania. Mpe karatasi ya baladia, ataisoma kama sura ya Tabaraka, kisha atakuuliza kama wanakuja kukata maji.

Alipofika miaka sitini na moja akajiandikisha kisomo cha watu wazima, alasiri, katika skuli ya wasichana, yeye na shoga yake Tumu. Walijiita ngumbaru wakicheka wenyewe kabla hawajachekwa. Miaka miwili walikwenda bila kukosa. Mwaka wa tatu ndio wa mwisho wa kisomo. Anayepita mtihani wake anaingia darasa la saba, na hilo darasa la saba Kuruthum alilitaja kama wengine wanavyotaja Maka.

Katikati ya mwaka ule, wakati wa likizo ya baridi, mwalimu wao, ustadha Ibtihal, binti wa hapahapa Ibra, aliwapa kazi. Siku ya kurudi kila mmoja alete ukurasa mmoja wa mkono wake: nini anataka kukifikia kabla mwaka haujesha.

Kuruthum alikuja kwangu siku nne kabla ya skuli kufunguliwa. Asubuhi ilikuwa ya baridi, nami nimejifunika shali, nimekaa sablani, chumba changu cha wageni, penye jua.

"Shikamoo, kaka Hud."

"Marahaba. Mkoba wa nani huo?"

"Wangu. Usicheke."

"Sijacheka."

"Macho yako yanacheka."

Ulikuwa mkoba wa mgongoni, wa zambarau, wa mtoto. Ndani mlikuwa na madaftari matatu mapya, kalamu za risasi zilizochongwa zote, na kifutio kilichokuwa bado katika karatasi yake. Akaniambia kuwa mwanawe Nizar, anayefanya kazi mji wa Sur, amekuja tena kutaka kumchukua akaishi nao, na yeye amemkatalia.

"Nimemwambia mpaka nimalize mwaka wangu. Nikipita, darasa la saba liko hapa Ibra, na Tumu yuko hapa. Kule nitakaa na nani? Na televisheni?"

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakwenda kuosha watoto wa Nizar. Lakini sishindwi, kaka. Hebu nitazamie makosa tu."

Akanipa ukurasa. Nilivaa miwani nikausoma. Kiarabu chake kilikuwa kimepinda, na pale neno lilipomkimbia alitia la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini kilieleweka. Kwanza, alitaka kuusoma mwenyewe ujumbe wa hospitali. Pili, alitaka taarifa ya habari aisikie, si kutazama midomo ya watu inavyokwenda. Tatu, darasa la saba. Nne aliandika: "Nataka kaka Hud apumzike na barua zangu."

Sasa najua aliliandika lile kwa mapenzi. Wakati ule lilinichoma. Nilimtazama alivyokaa na mkoba wake mapajani, mwenye furaha, nikaona kuwa baada ya yeye hakuna mwingine. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Hii haifai kupelekwa. Watakucheka."

Uso wake ukashuka. "Yote?"

"Yote. Niachie mpaka kesho."

Usiku mzima ule haukunitosha. Niliandika ukurasa ambao miaka yangu yote sikupata wa kumwandikia: kila sentensi na mwenzake, vina vimekaa, maneno niliyoyachimba kutoka vitabu vya wazee waliokwisha kuzikwa. Nilipanda ngazi za maarifa, nilizishika hatamu za azma, nikamshukuru mwalimu kwa sifa za makadhi. Hospitali yake na ule mstari wa kunipumzisha sikuvitia. Asubuhi nikampa. Akausoma palepale, kwa sauti yake ile, na mimi nikafumba macho. Sijapata kusikia maneno yangu yakisomwa hivyo.

"Mzuri mno, kaka," akasema. "Lakini umesema nini?"

"Nimesema yako yote, kwa adabu zaidi."

Huo ndio uongo wangu. Akanishukuru, akaunakili kwa mkono wake mara mbili mpaka ukawa safi, akaenda nao skuli siku ya kwanza.

Aliyenieleza yaliyotokea ni Tumu. Alikuja kesho yake baada ya alasiri, akasimama mlangoni mwa sabla, hakutaka kukaa.

"Kaka Hud, lile andiko ni lako?"

"Nilimrekebishia."

"Ulimrekebishia wapi? Hata ustadha mwenyewe alilipita polepole, kama anatembea peku juu ya kokoto."

Kwa maneno ya Tumu, Kuruthum alisimama mbele ya darasa akasoma. Mmoja wa wanawake alifuta machozi. Alipomaliza, ustadha Ibtihal akataka kumsifu. Akamwonyesha mstari mmoja, ule wa hatamu za azma, akamwomba awaeleze wenziwe alikusudia nini. Kuruthum akautazama ule mstari. Akautazama tena. Kisha akasema, "Hiyo ni dua, ustadha."

"Darasa zima likaangua kicheko," Tumu akasema. "Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nilidhani anafanya mzaha. Ustadha hakucheka. Akamuuliza nani kaandika. Akasema, mimi."

"Hakunitaja?"

"Nikwambie mara ngapi? Kasema mimi. Ustadha akamwambia basi, mama, tutaandika mwingine pamoja. Yeye akaukunja ukurasa, akautia mkobani, akakaa mpaka kengele. Leo hakuja."

"Labda baridi."

"Baridi gani? Umemvika mtu kanzu ya babu yake, kisha unauliza kwa nini kajikwaa."

Nilikwenda kwa Kuruthum baada ya siku mbili. Alinipokea kama kawaida, kahawa na tende, na sinia ikafutwa mbele yangu ingawa ilikuwa safi. Mkoba ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Nilimuuliza habari za skuli.

"Miguu, kaka. Baridi hii inanikamata magotini."

"Utarudi ikipungua?"

"Inshallah."

Ndipo ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa nimeyapanga njiani, hatua kwa hatua, nyumba tatu tu lakini niliyapanga: kwamba andiko lake lilikuwa zuri, kwamba halikuwa na la kuchekwa, kwamba nililiondoa kwa sababu ya ule mstari wa nne. Kabla sijafungua mdomo akainuka, akaniletea karatasi ya hospitali. "Hebu nisomee hii, kaka. Wamesema lini?"

Nikamsomea. Jumanne saa nne, aje hajala kitu. Akanishukuru. Na nitasema kweli: nilifurahi. Nilikaa katika kile chumba, nimekunywa kahawa ya mtu niliyemvunja, na moyo wangu ulifurahi kuulizwa. Nikaondoka na yote niliyoyapanga njiani.

Wiki ya pili ilipoanza Tumu akaja tena. Anayekosa mpaka Alhamisi, akasema, jina lake linafutwa katika daftari na mwaka wake umekwenda. Sikulala. Asubuhi niliandika barua kwa ustadha, fupi, bila vina, nikakiri kuwa ukurasa ule ulikuwa wangu na bibi yule hakuujua maana. Tumu akaipeleka. Jioni akarudi na simu yake, akaniwekea sauti ya ustadha Ibtihal. Sauti ya msichana mdogo, yenye haya.

"Mwambie ammi Hud nimefahamu tokea siku ile. Bibi Kuruthum aje tu na mistari mitatu ya kwake, hata kama imepinda. Nafasi yake ipo mpaka Alhamisi."

"Haya, mpelekee," nikamwambia Tumu.

"Nani? Mimi sipeleki. Mimi nimeshakuwa tarishi wako vya kutosha. Mwambie wewe, na umwambie na kwa nini."

"Unajua kwa nini?"

"Sijui. Lakini wewe unajua, ndiyo maana unanituma mimi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne alikuwa hospitali, nikajiambia atarudi amechoka. Jumatano ulivuma upepo, nikajiambia kifua. Mtu akifika umri wangu ana udhuru mwingi, na kila mmoja una daktari wa kuushuhudia. Nilipita mbele ya mlango wake mara mbili nikienda msikitini na mara mbili nikirudi. Mara moja nilimsikia ndani akisoma Kurani, nikasimama mpaka akamaliza aya, nikaenda zangu.

Tumu alipita mtihani mwaka ule, na sasa yuko darasa la nane, anajua hata mambo ya mishipa ya majani ya miti, na ananieleza nisipomuuliza. Kuruthum anaishi Sur. Nasikia kisomo kipo hata kule, na nasikia haendi. Wajukuu wanamsomea karatasi zake.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Alhamisi ile. Nilitoka asubuhi, nimevaa kanzu safi, nimeshaamua. Nilipofika, gari la Nizar lilikuwa mlangoni limefunguliwa nyuma, limejaa magodoro, cherehani na vyungu vya udi. Kuruthum alikuwa keshakaa kiti cha mbele. Tumu alikuwa hajui. Hata yeye hakuagwa.

"Karibu, ammi Hud," Nizar akasema. Ni kijana mzuri, mcheshi. "Umewahi kutuaga. Dada yako kaacha skuli. Walimkamata kaazima kichwa cha watu, ndiyo anatukimbilia."

Akacheka. Mamake hakucheka, wala hakukasirika.

"Nizar," nikasema, "lile andiko..."

Kuruthum akatoa mkono dirishani. "Kaka Hud, usisimame juani. Hayo yamekwisha."

"Hayajesha, dada. Ustadha kasema mpaka leo..."

"Ustadha mtu mwema. Msalimie." Akamgeukia mwanawe. "Washa gari. Nataka tufike kabla ya adhuhuri."

Alijua ninachotaka kusema, na alijua kitanishusha mbele ya kijana wa umri wa kuwa mwanangu. Alinifunika. Nami nilikuwa na muda. Gari lilichukua muda kuwaka, Nizar alishuka kufunga mlango wa nyuma uliokataa, akarudi, akafunga mkanda. Maneno yenyewe hayakuzidi kumi. Nilisogea nyuma kidogo, nikasema, "Haya, dada. Fika salama."

Nizar akapandisha kioo.