Mume Wangu Alisema Nikimpa Mtoto Kidonge Nimeachika, na Mimi Nimempa

Asalaam aleykum admin. Jina langu lifiche, na kijiji nilichoolewa sikitaji, maana Pemba hii ukitaja mnazi tu watu wanajua ni wa nani. Nina miaka ishirini na saba, kwetu Kengeja, nimeolewa huku kaskazini na fundi mwashi. Tulikaa muda mrefu bila mtoto, nikasemwa mpaka nikazoea kusemwa. Mwaka huu Mungu akatupa mtoto wa kiume. Kabla hamjaanza kunitukana kwenye komenti, nawaomba msome mpaka mwisho.

Mtoto alikuwa mpole mno. Halii, ananyonya kidogo analala, mpaka nimwamshe mimi. Macho yana manjano, sauti yake nzito, choo hapati mpaka tumhangaikie. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa akimtembeza kwa majirani kama tuzo. "Mwana huyu kaja na utulivu wake, hana haja ya mtu," anasema, na wanawake wenye watoto wa kulia wananionea gere. Na mimi nilifurahi, nidanganye nini. Nilijiona hodari wa kulea.

Siku ya chanjo muuguzi alimshika, akamtazama ulimi, akamtazama kitovu, akasema tusirudi nyumbani, twende hospitali Chake. Damu ikatolewa, ikapelekwa Dar. Majibu yaliporudi tukaitwa mimi na mume wangu. Daktari akasema homoni moja iko juu sana na nyingine iko chini sana. Mume wangu akauliza, "Sasa daktari, moja juu moja chini, si zinakutana kati?" Daktari hakucheka. Akatueleza taratibu kwamba shingoni kuna tezi inayotoa homoni ya kumkuza mtoto mwili na akili. Ya mwanetu haifanyi kazi, ndiyo maana homoni yake iko chini. Ile iliyo juu inatoka kichwani, ndiyo inayoiamrisha tezi, na imepanda kwa sababu inaamrisha na haijibiwi. "Huo upole wake ndio ugonjwa wenyewe," alisema. Dawa ni kidonge kila asubuhi, kisagwe, anywe kwa kijiko, pengine maisha yake yote. Nikamuuliza, na tukiacha? Akasema, "Mwili utadumaa, mama, na akili itabaki nyuma, na itakayopotea miezi hii hairudi." Nililia garini mpaka Konde.

Tukaanza kidonge. Baada ya wiki chache mtoto akafumbua macho hasa, akanitazama. Akaanza kupiga mateke, na akaanza kulia, kilio cha mtoto mwenye nguvu zake. Mimi nafurahi, nyumba nzima imenuna. Mavyaa akasema, "Mwana wetu alikuwa mzima, mumempeleka huko mumemtia mambo. Mtizameni, hakai, halali." Mume wangu naye akawa hana raha. Anampenda mwanawe, hilo sitomzulia, kila mtoto akilia yeye jasho linamtoka. Nikamwambia daktari alisema tukiona analia kupita kiasi tumrudishe, apimwe tena, kipimo cha dawa kitazamwe upya. Akasema hendi tena kuambiwa mambo ya juu na chini. Siku moja mtoto alilia toka adhuhuri, mavyaa naye analia, mume wangu akaingia na vumbi lake la saruji akasema mbele ya mama yake, "Nnakwambia, siku utakayomtilia tena mwanangu kidonge hicho mdomoni, basi nshakuwacha. Ndiyo talaka yako hiyo."

Nikaacha. Naogopa talaka kama mwanamke mwingine yeyote. Kaka yangu nilimpigia simu Kengeja, akasema nimtii mume wangu. Mtoto akarudi kunyamaza polepole, mikono baridi, namchezesha ananitazama kama hanijui. Nyumba ikapata raha, mavyaa akapika bokoboko. Kila nikimtazama mwanangu namsikia yule daktari. Nikashindwa. Vile vidonge niliambiwa nivitupe na sikuvitupa, nikaanza kumpa huku uani ninapofulia, nasaga kwa mgongo wa kijiko. Sasa pimeni wenyewe. Kwa kauli yake mimi nimeshaachika toka kidonge cha mwanzo nilichompa kwa siri, nalala naye kitanda kimoja, na yeye hajui. Akinigusa sijui ni mume wangu au ni mwanamme wa kando. Na wa kumuuliza sina, shehe wa hapa ni ami yake.

Jana mtoto ameanza tena kulia. Mavyaa akasimama mlangoni, akaniuliza, "Umempa nini?" Nikasema sijampa kitu. Mume wangu alikuwepo, akasikia yote. Leo asubuhi alipokuwa anakwenda kazini akaniambia akirudi anikute na udhu, ataniwekea msahafu nishike niape kuwa sijampa. Na tukiachana, keshasema zamani kwamba mtoto habanduki nyumba hii, atabaki na bibi yake.

Basi dada zangu, kaka zangu, na mashehe mliomo humu. Nishike msahafu niseme uongo, nibaki hapa nimpe mwanangu dawa yake kwa kuiba? Au niseme kweli niondoke, nimwache kwa watu wanaoshukuru akinyamaza? Wenye kutukana tukaneni, ila nijibuni kwanza, maana mume wangu anarudi baada ya alasiri na mtoto hivi sasa analia. Nishaurini, nifanye nini?