Vifuu Kumi na Viwili vya Kafedha

Kule Junda, kiangazi cha mwaka arobaini na tatu, kisima kilipokuwa kikitoa tope zaidi kuliko maji, nyumba kumi na mbili zilimkabidhi Kafedha kazi ya kupiga kura. Kila asubuhi nyumba moja ilibidi izoe tope, na hapakuwa na mtu wa kuaminika kama mjane yule mwembamba, asiyejua uongo hata wa kumliwaza mgonjwa. Alichonga vipande vya kifuu, akavikata alama, moja mpaka kumi na mbili, akavitia chunguni. Alfajiri hufumba macho, akatoa kimoja, akakisoma kwa kidole, kisha akakirudisha.

Sheikha wa nyumba ya saba alikuwa amejifungua pacha, na arobaini yake haijaisha. Kafedha akamsamehe: saba ikitoka, kazi iliangukia nyumba inayofuata, ya nane, kwa Kanze.

Wiki ya tatu, Kanze alimjia ameshika kiuno.

"Shikamoo, mama. Vifuu vyako vyanipenda mno."

"Marahaba. Mimi sichagui mtu, mwanangu, wallahi!"

"Sikusema wachagua. Nasema nimechoka."

Neno lile lilimkaa Kafedha rohoni. Siku ile hakwenda shamba. Alijikalia uani na chungu chake, akapiga kura mara mia moja, kila mara akichora mstari mchangani kwa nyumba iliyopata. Mistari ya nyumba ya nane ikakaribia maradufu ya wenzake. Aliitazama mpaka hasira ikamtoka, haya ikamwingia. Kila nyumba ilikuwa na kifuu kimoja mle chunguni. Kanze alikuwa na viwili, chake na cha Sheikha.

Akaenda kwake papo hapo, unga wa mhogo ukiwa bado mikononi mwa Kanze.

"Nimekuonea, mwanangu, na sikujua. Kesho tope ni langu. Na kifuu cha saba nakitoa kabisa kabla sijatia mkono, mpaka arobaini iishe."

"Na magoti yako hayo, mama?"

"Yataniuma. Yana haki."

Kesho yake alizoa tope, akiguna na kujicheka. Siku ya pili akakiweka kando kifuu cha saba mbele ya watu wote, akafumba macho, akatoa kimoja. Akakipapasa. Akakipapasa tena.

"Nane," alisema kwa sauti ndogo.

Kanze akaangua kicheko mpaka leso ikamdondoka.

"Hii sasa ni yangu kwa haki," akasema, akashuka kisimani, na Kafedha akamshikia kamba.