Unywele wa Pasi

"Unywele ule ni wako, Pasi, usinizungushe! Shina jeupe, ncha nyekundu ya hina. Nani mwingine kwenye hoteli hii nzima ana kichwa cha rangi mbili kama njiti ya kiberiti?"

"Punguza sauti, Redio. Kuta za hapa nyembamba."

"Sipunguzi! Mtoto wa watu anayetutandikia vitanda nimemkuta koridoni analia mpaka kamasi, unga umemwagika, kafukuzwa kazi, halafu mimi nipunguze sauti? Na kichwa chake umekiona? Kimenyolewa, kinang'aa kama yai! Huo unywele angeutoa wapi, kwenye nyusi?"

Pasi aliinamisha uso akawa anakagua kucha zake. Mabegi yao matatu yalikuwa yamefungwa tayari mlangoni, maana basi la kuwarudisha nyumbani lilikuwa linaondoka mchana, na huo muda mdogo uliobaki walikuwa wameupangia chai ya taratibu na picha za kumbukumbu mbele ya hoteli. Badala yake ndiyo haya.

Rafiki yao wa tatu, Kijiko, mwembamba, mpole, asiyependa shari, alisimama katikati ya wawili hao akinyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. "Jamani, jamani. Sisi si ndugu? Tumekuja kupumzika."

Ndugu walikuwa, tena zaidi ya ndugu, maana ndugu hawachemki pamoja. Hawa watatu walichemka miaka na miaka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kijiko alikuwa mpimaji wa sabuni na dawa za madoa, kijiko kikimganda mkononi mpaka nyumbani, hata mumewe akikoroga chai kwa kidole. Redio alikuwa wa kuanika. Alianza kuongea akitundika shuka la kwanza, akanyamaza likishakauka la mwisho, na siku za mvua hakunyamaza kabisa. Na Pasi, jina lenyewe linajieleza.

Pasi alinyoosha mashuka ya hospitali ile hadi watoto aliowaona wakizaliwa wakaja kujifungua hapo hapo. Kisha akapelekwa wodini kufundisha kutandika, na hapo ndipo sifa zake zilipopanda juu ya paa. Kitanda akikitandika Pasi, ukidondosha sarafu inaruka, inagonga dari, inarudi mfukoni mwako. Kuna mgonjwa mahututi aliletwa kwa machela, akalazwa kwenye kitanda cha Pasi, akaona aibu kukikunja, akaamka akarudi kwao kwa miguu. Wenye wivu husema hakuwa mahututi, alikuwa na mafua tu. Waache waseme. Wenye wivu hawakuwepo.

Ijumaa pale kazini ilikuwa siku ya mkono. Pasi alipita kitanda hadi kitanda, akiingiza mkono chini ya godoro kuona kama pembe zimechomekwa sawasawa. Pembe ikilegea, aliyetandika alibebeshwa kikapu cha mashuka mabichi kichwani, akazungushwa kwenye kamba za kuanikia huku wenzake wakimwimba jina. Kila mtu alibeba kikapu hicho, Redio mara nyingi kuliko wote. Pasi peke yake hakuwahi. Mkono ulikuwa wake, na nani angeukagua mkono?

Kisha wakastaafu. Pasi akahamia kwa mwanawe. Mkwewe, mwanamke mwenye adabu zake, hakumruhusu kugusa hata foronya. "Kaa, mama. Umefanya kazi sana, pumzika." Basi Pasi akapumzika. Alipumzika asubuhi, akapumzika mchana, jioni akapumzika tena mpaka mgongo ukauma kwa mapumziko. Mkwe akitoka kwenda kazini, bibi huyu alijifungia chumbani, akabomoa kitanda chake mwenyewe akakitandika upya, taratibu, kama mtu anayeiba.

Ndiyo maana wenzake walipompigia simu kwamba safari yao ya siku zote, ya kwenda mjini mwisho wa wiki na kulala hotelini kama watu, sasa imeiva, aliitikia kabla hawajamaliza sentensi. Na ndani ya basi, njia nzima, alikuwa na wimbo mmoja: vijana wa siku hizi hawajui kutandika. Wanatupia shuka kama wanaofunika matofali. "Mtaona," aliwaambia. "Mtaona wenyewe huko hotelini."

Wakafika. Redio akafungua mlango wa chumba, na Pasi akasimama kizingitini.

Vitanda vitatu. Vimekazwa! Pembe zimekatwa kama bahasha mpya, mikunjo hakuna, foronya midomo yake imegeukia ukutani kama inavyotakiwa ili mgeni akiingia asiione. Pasi mwenyewe, katika siku zake za utukufu, foronya alikuwa akizisahau mara kwa mara. Hilo alikuwa analijua yeye na Mungu wake tu.

"Haya, Pasi," Redio akamchokoza, ameshajitupa kwenye kiti. "Siku ya mkono leo! Tutafutie kosa."

Pasi akaingiza mkono chini ya godoro la kwanza. Akaingiza chini ya la pili. Alipofika la tatu alipiga magoti, akachungulia uvunguni, akanusa shuka kama mbwa wa polisi. Hakuna kitu. Nyuma yake wenzake wanasubiri, na Redio keshaanza kuguna kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. Sijui ni shetani gani alimshika mkono. Aliupenyeza chini ya kilemba chake, akachomoa, akaguna kwa maumivu akijifanya kakohoa, kisha akainuka na kitu kati ya vidole viwili.

"Unywele," akasema, kama daktari anayetangaza ugonjwa.

Wakacheka mpaka machozi. Yangeishia hapo, yangekuwa mazungumzo ya safari tu.

Lakini kesho yake asubuhi, wenzake wakiwa bado wamelala, Pasi aliteremka kutafuta maji ya moto, akasikia harufu ya mvuke. Harufu ile ikamshika pua ikamwongoza, ngazi za nyuma, mlango wa chuma, mpaka chumba cha kufulia cha hoteli. Mwanamume mmoja alikuwa pale peke yake, mikono ya shati imekunjwa, anapiga pasi vitambaa vya meza. Pasi hakuuliza. Alishika ncha ya pili ya kitambaa wakakikunja pamoja, hatua mbele, hatua nyuma, kama zamani, na moyo wake ukafunguka kama dirisha. Mtu huyo akamsifu: "Mama, mkono wako si wa kawaida."

Nani alimwambia amsifu! Pasi akaanza kumimina. Kazi yake ya hospitali, mgonjwa mahututi, sarafu na dari. Na alipoona mwenzake anasikiliza kwa makini, akafika kwenye unywele, akautia chumvi. Unywele ukawa nywele. Nywele zikawa msokoto. Mpaka kitambaa cha mwisho kinakunjwa, shuka la watu lilikuwa na manyoya ya kutosha kujaza mto.

"Chumba gani hicho, mama?" mtu yule akauliza, bado anatabasamu.

Pasi akamtajia, tena kwa majivuno.

Hakuwa mpiga pasi. Alikuwa msimamizi wa hoteli, aliyeshika pasi siku hiyo kwa sababu mfanyakazi wake aliumwa. Na binti anayetandika vitanda vya ghorofa yao alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi.

Siku ile nzima, yaani jana, Pasi hakujua. Walizunguka madukani, wakapanda ngazi zinazojiendesha zenyewe, Redio akazipanda kinyume mpaka mlinzi akamwomba ashuke, wakacheka kama wasichana. Asubuhi hii ndipo Redio alipokutana na binti koridoni akiwa na aproni yake kwenye mfuko wa plastiki, akamuuliza kulikoni. Mgeni amelalamika, binti alisema. Nywele kitandani.

"Nilidhani ni mzaha wa humu ndani," Redio alisema sasa, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha Pasi kuliko kelele. "Niliuona unywele ule nikajua ni wako, nikacheka, nikakustahi. Kumbe umeupeleka mpaka kwa mkubwa wake?"

"Sikujua kama ni mkubwa wake. Alikuwa anapiga pasi."

"Na angekuwa mpiga pasi kweli, ndiyo ingekuwa halali kumsingizia mwenzake?"

Pasi alikivuta kilemba chake mbele. Uso ulimwaka kuanzia shingoni, kama ule mvuke ukifunguliwa ghafla.

Kijiko akaona upenyo. "Mimi naona hivi. Pasi ashuke amwambie msimamizi kwamba amemsamehe yule binti. Mgeni akisamehe, nani atabaki na kinyongo? Binti anarudi kazini, sisi tunapanda basi, yameisha."

Pasi aliinua kichwa. Maneno yale yalimpoza kama maji. Amemsamehe! Angeonekana mama mwenye huruma, tena. Msimamizi angemsifu mara ya pili.

"Amsamehe kosa gani?" Redio akauliza.

Kijiko aligeukia mabegi, akaanza kukaza zipu.

"Nijibu, Kijiko. Kosa gani? Huyo binti atakaa maisha yake yote anajua aliacha nywele kitandani, akasamehewa na bibi mmoja mwenye roho nzuri. Atakuwa anakagua shuka mara kumi kumi, anatafuta uchafu ambao haukuwepo."

Pasi alijiona yeye mwenyewe, kesho, chumbani kwake, mlango umefungwa, anakaza shuka lake ambalo hakuna anayelikagua. Akajua pembe zile hazitakaa tena sawa mkononi mwake.

"Kilikuwa kizuri," akasema.

"Nini?"

"Kitanda. Vyote vitatu." Alikuwa anaongea na mikono yake. "Vizuri kuliko vyangu. Hata zile foronya... mimi foronya nilikuwa nazisahau. Miaka yote ile nawabebesha vikapu, nyie, na mimi foronya nazisahau. Hakuna aliyeangalia."

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakikutoka kitu.

"Sasa nitamwambiaje yule bwana?" Pasi akaendelea. "Nimwambie mtu mzima mimi, bibi wa wajukuu, nimejing'oa unywele kichwani kwa sababu nilimwonea wivu mtoto? Nianzie wapi, Redio? Wewe ndiye msemaji. Nianzie..."

Mlango ukagongwa mara moja, ukafunguliwa. Msimamizi alisimama hapo, shati lake sasa limefungwa vifungo hadi kooni, na mbele yake yule binti wa kichwa kilichonyolewa, macho mekundu, akipiga goti juu ya zulia.

"Shikamoo, mama," binti akasema. "Nimeletwa kukuomba radhi kabla sijaondoka."