Kopo Baada ya Kopo

Juzi daktari wa mifugo alimtundikia dripu mtoto wa punda wa jirani aliyekuwa anaharisha. Alisema chumvi imepungua mno kwenye damu. Nikakereka, maana nilimkumbuka wetu.

Alasiri ile ya zamani ua mzima ulinuka maziwa yaliyochacha. Mtoto wa punda wetu aliharisha, na bibi alirudia lile lile: "Mnyweshe maji, mjukuu wangu, yote yamemtoka." Nikamnywesha maji matupu, kopo baada ya kopo, kama mjinga. Alipolala akitupatupa miguu, nilidhani anacheza, nikacheka. Alikufa kabla ya magharibi.

Na muda wote huo mama yake alisimama kando yetu, hajashushwa mzigo wa babu: magunia mawili ya chumvi.