Biki Nyekundu ya Mwalimu Julienne

Mwaka wa 2008, vita vilipotusukuma hadi kambi ya Kibati, mimi na Julienne Mukamugema tulifundisha chini ya turubai moja, mgongo kwa mgongo. Yeye darasa la tano, mimi la tatu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Niliyasikia mwenyewe huku nikijifanya nafundisha hesabu.

Julienne alitoka Masisi na biki nyekundu ya kusahihishia, na akiishika hakuwa na huruma. Kabla ya siku ya wazazi ya kwanza aliifuta insha ya Patricia, mwanafunzi wake, akaiandika upya hadi ikang'aa. Siku ilipofika, mkurugenzi wa shule akaisoma mbele ya watu. Patricia alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akatugeukia.

“Mwalimu, ile njo ya nani?” akauliza, kana kwamba insha ile si yake.

Julienne aliona haya, nami nilifurahi, maana nilikuwa nimemwonya mara tatu. Tangu siku hiyo biki ile haikugusa tena insha ya mtoto.

Akachukua penseli, akawa anaandika swali moja tu chini ya ukurasa. Kazi ilikuwapo, maana watoto wetu waliandika kana kwamba wanawajibu wale wanaoandikisha watu kambini: tuko sita, tulikimbia, tunaomba shitingi ya kuezekea na maharage. Walidhani kalamu ni ya kuombea tu. Jambo hilo liliniuma sana. Chance Munezero naye aliandika vivyo hivyo, ila katikati maneno mawili yalimponyoka: tuliacha ng'ombe.

Julienne akaandika: “Ile ng'ombe ilikuwa na jina?”

Kesho yake Chance alileta kurasa mbili. Ng'ombe aliitwa Gaju. Baba alifungua zizi ili Gaju ajiokoe, lakini yeye akawafuata barabarani, mpaka Chance mwenyewe akampiga fimbo ili arudi. Insha ikaishia hapo, kwenye fimbo.

Julienne alinionyesha huku akilia bila kujificha. Nikasema mtoto aongeze mstari kuhusu amani, wazazi wangeupenda. Julienne akaninyang'anya daftari.

“Si yako. Na miye si yangu.”

Siku ya wazazi ikafika tena. Mkurugenzi akasoma insha ya Chance, akageuza ukurasa, akatafuta mengine asiyaone.

“Mwalimu, huku hakuna mwisho. Tuweke kwamba watarudi Masisi, watamukuta ng'ombe yao.”

Julienne alifumbata mikono nyuma ya mgongo, akamwachia Chance ajibu. Najua kumwachia kulivyomgharimu. Mtoto akikubali tu, kazi yote ya penseli imekwenda bure.

Chance akasimama. “Apana, Directeur. Ile fimbo nilipiga ni miye. Mwisho njo pale.”

Mkurugenzi alimtazama kidogo, akamrudishia daftari lake. Watu wakapiga makofi. Chance hakupiga. Alibaki amesimama, akayapokea.